Mafuta ya taa hayakai kwenye chupa ya maji

Chupa ya maji ya lita moja na nusu ikiisha, katika nyumba nyingi haitupwi. Inasuuzwa, inaanikwa, na kesho yake ina mafuta ya taa, jiki ya kupima au sabuni ya maji kutoka kwa jirani. Simlaumu mtu. Chupa ni imara, ina kizibo, haina gharama, na duka la mtaani linalopima mafuta linataka uje na chombo chako.

Lakini mtoto wa miaka miwili haijui hesabu hiyo. Anachojua ni kwamba chupa ya aina ile hutoa maji. Mama yuko uani anafua, kiu imembana, anainyanyua na kupiga funda. Hasubiri kunusa.

Funda moja linaweza kumlaza hospitali. Mafuta ya taa ni mepesi, na mtoto akipaliwa huteleza hadi mapafuni. Anaanza kukohoa, kupumua haraka haraka, baadaye homa. Hapo ndipo linapofanyika kosa la pili: bibi anasema apewe maziwa, jirani anasema atiwe kidole atapike. Kutapika kunayarudisha mafuta kooni na kuyapa nafasi nyingine ya kuingia mapafuni. Maziwa nayo hayaui sumu hiyo. Yanajaza tumbo tu na kumchochea atapike. Usimpe kitu. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, mpeleke kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe. Mpeleke hata kama anacheza, maana kikohozi kinaweza kuja saa kadhaa baadaye.

Wanaotengeneza sabuni nyumbani (nami nawaheshimu, kuna ada za shule zinalipwa na sabuni hiyo) wanakaa na kitu kibaya zaidi. Kostiki soda ikishayeyushwa huonekana kama maji matupu. Mtoto akiimeza inaunguza mdomo na njia ya chakula, na kovu linalobaki linaweza kuibana njia hiyo hadi ugali usipite, akawa wa kurudi hospitali kila mara kupanuliwa. Huyu naye asitapishwe: kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda.

Halafu kuna ule ujanja unaozunguka kwenye simu, kwamba ukichanganya jiki na siki au limau choo kinang'aa. Jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma macho na kubana kifua. Ni hivyo hivyo ukiichanganya na dawa ya choo yenye asidi. Kwenye choo kidogo kisicho na dirisha, mwenye pumu anaweza kuzidiwa kabla hajaufikia mlango. Jiki na maji vinatosha.

Sisi watu wa afya tumezoea kumwambia mzazi "weka mbali na watoto", tukadhani tumemaliza kazi. Familia inayoishi chumba kimoja, mbali ni wapi? Mtoto anapindua ndoo, anapanda, anafika. Ndiyo maana mimi naanza na chombo kabla ya mahali. Tafuta kidumu kisichoonyesha kilichomo, kizito kiasi kwamba mtoto hakinyanyui, ambacho hajawahi kuona kinywaji kikitoka ndani yake. Ukishakipata, ndipo utafute msumari wa juu. Na muuza sabuni akikuletea bidhaa yake kwenye chupa ya maji au ya soda, mwambie akumiminie kwenye chombo chako, chupa aondoke nayo.

Mwaka jana nilikuta chupa ya soda chini ya sinki nyumbani kwangu, ina dawa ya mende. Niliuliza nani kaiweka pale. Nilikuwa nimeiweka mimi.