Mtungi wa Oksijeni? Maoni ya Mzamiaji kutoka Milimani

Mimi ni mzaliwa wa Nyamira, nchi ya majani chai na ndizi, na bahari niliijua kwanza kwa karatasi. Nilikariri bamvua na maji mafu kwa ajili ya mtihani miaka kadhaa kabla ya kuona maji ya chumvi yakipwa na kujaa. Nadhani wengi wetu tusomao Kiswahili huku Kisii na Nyamira tumeyapata maneno ya pwani kwa njia hiyohiyo: twayafasili barabara, ila hatujawahi kuyatumia. Ndiyo maana wanafunzi watatu tulipopanga kwenda Unguja wakati wa likizo, na kutenga siku moja ya kujifunza kuzamia katika miamba ya Mnemba, nilidhani kwamba kwa upande wa lugha angalau nitakuwa nyumbani. Sivyo ilivyokuwa. Kwa maoni yangu, siku ile ilituanika sisi wanafunzi wa Kiswahili kuliko mtihani wowote.

Maandalizi ya nchi kavu hayana makuu: pasi, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, nauli. Ya majini yanataka fikra zaidi. Tulichagua msimu wa kaskazi, kwa kuwa kusi likishika kasi bahari huchafuka na mgeni hutapika chomboni kabla hajavaa chochote. Tukaepuka siku za bamvua, maana hapo maji hupwa na kujaa kwa nguvu na mkondo huwa mkali, jambo lisilomfaa anayeanza. Hayo yote tuliyapanga kwa Kiswahili, tena Kiswahili chenye umri mkubwa.

Asubuhi ufukweni tukapewa fomu ya afya, nayo ilikuwa ya Kiingereza kitupu. Je, una maradhi ya moyo? Umewahi kupasuliwa sikio? Una pumu? Mwenzetu mmoja, ambaye ana pumu tangu utotoni, alitia alama ya "hapana" kuanzia juu mpaka chini kama mtu anayejaza fomu za kujisajili chuoni. Mwalimu wetu, kijana wa palepale Nungwi, alimwona akipumua kwa shida baada ya kubeba mizigo, akamwomba aisome upya. Mwenzetu aliisoma, akanyamaza, kisha akabaki chomboni siku nzima.

Sababu yake yaelezeka kwa Kiswahili chepesi. Ukiwa mita 10 chini, shinikizo ni mara mbili ya lile la juu. Hewa uliyoivuta huko, ukipanda nayo, hutanuka maradufu. Kwa hivyo amri ya kwanza ya mzamiaji ni kutobana pumzi kamwe. Mwenye pumu anaweza kubanwa na hewa hiyo pafuni bila kukusudia, na pafu likapasuka. Sentensi hizo chache zingalikuwa kichwani mwa ile fomu, mwenzetu asingalihitaji kuokolewa na jicho la mtu. Nasi ni watu wenye shahada! Je, yule ambaye Kiingereza kimempita kando?

Mafunzo nayo yakaendeshwa kwa Kiingereza. Nikamuuliza, "Kaka, mbona hutufundishi kwa Kiswahili?" Akacheka. "Dada, mimi mwenyewe nimefundishwa kwa Kiingereza. Maneno ya kazi hii sina." Kisha akageuka, akamwambia nahodha habari za upepo na mkondo kwa Kiswahili ambacho nusu yake ilinibidi kuinakili daftarini. Mjuzi wa bahari anadai hana maneno ya bahari! Sikumlaumu. Nilijiuliza sisi, ambao kazi yetu ni maneno, tulikuwa wapi.

Chukua mfano mmoja. Tunapozungumzia vifaa vya wapiga mbizi, wengi wetu husema "mitungi ya oksijeni". Hilo ni kosa, na si kosa la ufasaha tu. Mtungi wa mzamiaji wa kawaida una hewa ileile tunayoivuta hapa, iliyoshindiliwa, ambayo oksijeni ni asilimia 21 hivi. Oksijeni tupu ikivutwa chini ya mita 6 huweza kugeuka sumu na kumtia mtu kifafa majini. Neno sahihi ni jepesi kuliko lile la makosa: mtungi wa hewa. Kadhalika mkanda wa vyuma vizito vya kumsaidia mtu azame. Ukiuita "mkanda wa risasi" umesema kweli, kwani risasi ni jina la madini yenyewe, ila abiria wenzako watakutazama kama jambazi. Wavuvi wana neno chubwi, kizito kinachofungwa kwenye mshipi wa kuvulia. Napendekeza "mkanda wa chubwi", na asiyekubali alete lake. Hata mzamiaji ana utata: mitaani ni yule aliyejificha melini aende Ulaya, au aliyeingia harusini bila mwaliko.

Lililonitia hofu zaidi, hata hivyo, ni jambo linalotuhusu sisi watu wa milimani. Baada ya kuzamia, mwili hubaki na naitrojeni ambayo hutoka polepole. Ukipanda juu upesi, hufanya mapovu kama soda iliyofunguliwa, na hayo huumiza viungo, hata kupoozesha. Ndiyo sababu mwongozo unaotumika sana hutaka mtu asubiri angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 baada ya mara kadhaa, kabla ya kupanda ndege. Tulisomewa hilo kwa Kiingereza, tukatikisa kichwa: sisi tunarudi kwa basi. Lakini hewa ndani ya ndege hufanana na ya mahali penye kimo cha mita 2,400 au pungufu. Arusha ni mita 1,400 hivi. Barabara ya Nairobi hupita mita 2,000 karibu na Limuru, mji wa Kisii u mita 1,700, na sehemu za Nyamira hufika 2,000. Anayezamia mara mbili asubuhi, akavuka kwa boti alasiri na kudaka basi la usiku kutoka Dar es Salaam, alfajiri atakuwa tayari mlimani. Basi lake ni ndege isiyo na mabawa. Tulikwisha kata tiketi za usiku huohuo. Tukazibadilisha, tukalala Dar.

Huenda mhadhiri wangu atasema kuwa haya ni mambo ya watalii, na istilahi zina mabaraza yake. Naheshimu rai hiyo, lakini siiafiki. Kila Julai 7 twaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa ngonjera na mashairi. Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi. Na bado raia hutia sahihi karatasi ya uhai wake asiyoielewa. Fomu ile ni kurasa chache tu. Nimeanza kuitafsiri, na yule kijana wa Nungwi ameahidi kuisahihisha palipo na bahari. Nimekwama kwenye kile kituo cha dakika 3 anachofanya mzamiaji akiwa mita 5 kabla ya kutoka majini. "Kituo cha usalama" chanukia stesheni ya polisi. Yeyote mwenye neno bora anipe kabla ya kaskazi ijayo.