Mwani wa pwani na chumvi ya Nkombo

Mkazi wa Rusizi akisikia habari za mwani huona ni mambo ya Wazanzibari. Kutoka Kamembe hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,000 hata kwa ndege, na maji anayoyajua ni ya Ziwa Kivu. Ndivyo mijadala mingi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inavyokwenda: bahari ni ya Kenya na Tanzania, na sisi wa bara tunaidai bandari tu. Hapo ndipo tunapokosea, kwa sababu kuna kitu kimoja cha baharini ambacho shingo za watu wa Kivu zimekihitaji kwa vizazi vingi.

Kwenye miamba ya maji mafupi ya pwani yetu, maji yanapokupwa, huonekana mwani wa kahawia wa jamii ya Sargassum, wenye vifuko vidogo vya hewa mfano wa njegere. Karibu yake huota Turbinaria, wenye majani magumu yaliyofumbuka kama vitarumbeta. Hakuna anayeulima. Wakulima wa Paje na Jambiani, walioanza kilimo cha biashara mwaka 1989, hulima mwani mwekundu kwa kuwa ndio wanunuzi wanaoutaka. Ule wa kahawia ukitupwa ufukweni huitwa taka.

Basi taka hiyo ina historia. Mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois alikuwa akitumia majivu ya mwani katika kazi ya kutengeneza chumvi ya baruti. Alipozidisha tindikali, ukapanda mvuke wa zambarau. Hiyo ndiyo ayodini, ambayo Watanzania huiita madini joto. Miaka 9 baadaye daktari Coindet wa Geneva alianza kuitumia kutibu rovu, yaani uvimbe wa tezi la shingo. Waganga wa China walikuwa wamemtangulia kwa karne nyingi, wakiwapa wagonjwa wa rovu mwani wa kahawia, ukiwemo wa jamii hii hii ya Sargassum.

Sababu yake ni nyepesi. Mvua huosha ayodini kutoka udongo wa milimani na kuipeleka baharini, na mwani, hasa wa kahawia, huifyonza na kuilimbika mwilini mwake. Pwani hupata, milima hupoteza. Na Rusizi ni milima.

Anayetaka ushahidi asiende mbali. Kisiwa cha Idjwi, upande wa Kongo wa ziwa hili, kiliwaleta watafiti wa Kibelgiji katika miaka ya 1960. Kaskazini mwa kisiwa walikuta zaidi ya nusu ya watu wana rovu. Kusini-magharibi walikuwa wachache, ingawa ayodini ilikuwa haba pande zote mbili. Tofauti hiyo iliwafanya waushuku muhogo, chakula cha kila siku, kwamba huizuia tezi isiitumie hata ile ayodini kidogo iliyopo. Uvimbe wa shingo si urembo ulioharibika tu. Mama mjamzito aliyekosa ayodini huweza kuzaa mtoto ambaye akili yake haitakua kama ilivyopasa, na hapo hakuna dawa ya baadaye. Watu wa Nkombo, kisiwa cha wilaya ya Rusizi, huzungumza Kihavu kama ndugu zao wa Idjwi, na sahani zao hazitofautiani sana.

Je, tupakie mwani kwenye malori uje Kamembe? Hapana, na yeyote atakayeuza unga wa mwani sokoni kama dawa ya rovu azuiwe. Kiasi cha ayodini ndani ya mwani hubadilika mno, na ikizidi nayo huiumiza tezi. Tena baadhi ya mwani wa kahawia hubeba sumu ya aseniki: mwaka 2004 Uingereza iliwaonya walaji waache hijiki, ambayo ni Sargassum ya Japani.

Njia iliyothibitika ni chumvi iliyotiwa madini joto. Rwanda haina bahari wala mashapo ya chumvi ya kutosha, hivyo kila kijiko kinachoingia sufuriani Nkombo kimetoka kwa jirani. Jumuiya ina kiwango chake cha chumvi ya kula, EAS 35, na Kongo iliingia Jumuiya mwaka 2022. Lakini ayodini hutoroka. Gunia likiachwa wazi, likalowa au kukaa juani, mteja hununua chumvi tupu kwa bei ile ile. Chumvi ya mawe isiyo na karatasi yoyote nayo haipigi hodi forodhani.

Wanaoandika ripoti za mtangamano huhesabu malori na ushuru. Wangehesabu na hili. Kipimo chake ni kichupa kidogo cha dawa yenye wanga: tone moja juu ya chumvi, nayo hugeuka buluu ikiwa ina madini joto, au hubaki nyeupe. Afisa wa mpaka wa Rusizi I anaweza kukitumia, mwenye duka wa Nkombo pia, hata mwalimu darasani. Wilaya ianze na maduka ya visiwani, ambako mzigo hupita majini kabla ya kufika.