KIONGOZI NA KUJIZUIA

Ndugu wanachama, husikika maneno kwamba kiongozi asiyeonekana kila siku hafanyi kazi. Ni kweli nusu. Kuonekana humjulisha mtu. Lakini sifa yake hujengwa na yale anayojizuia kuyatenda hali watu wanamtazama.

Tutazame Nyanda za Juu Kusini. Mkwawa wa Uhehe, baada ya Wajerumani kuiteka ngome yake ya Kalenga, karibu na Iringa, mwaka 1894, aliishi mafichoni karibu miaka minne, hata alipojiua Julai 1898. Hakuonekana, na jina lake likakua. Fuvu lake liliporudishwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954, alilipokea mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa.

Mjukuu alipata kazi iliyo kinyume, yaani kukaa mbele ya macho ya watu. Alikuwa Spika wa Bunge tangu 1962 hadi 1973, na tena tangu 1975 hadi 1994. Kazi ya Spika ni kuwapa wengine nafasi ya kusema; yeye haingii katika mabishano. Mtu wa ukoo wa utawala kukaa karibu miaka 30 akisikiliza wenziwe si jambo dogo, na mimi naona hapo ndipo ilipo heshima yake.

Kiti hicho ni kizito. Spika Job Ndugai alijiuzulu Januari 2022, baada ya maneno yake juu ya mikopo ya Serikali kuenea nchini. Dkt. Tulia Ackson, aliyekuwa wakati huo Mbunge wa Mbeya Mjini, akakikalia hadi 2025. Kama Bwana Ndugai alisema sawa au alikosea, hilo kila mtu ana rai yake. Funzo ni kwamba neno moja la mtu anayetazamwa na wote lina uzito kuliko hotuba nyingi za mwingine.

Pengine mtasema kunyamaza ni woga. La! Anyamazaye watu wakidhulumiwa hana sifa. Kujizuia ninakokusudia ni kutojitanguliza.

Sisi twajua kwamba karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka. Likisha kuchanua, thamani imepungua. Basi siku ya kuchagua viongozi wa chama chetu, tusiulize tu ni nani tuliyemwona mara nyingi. Tuulize pia ni nani aliyetusikiliza mpaka tukamaliza.