Waokoaji Wasikilizane



Sisi wa reli twajua: treni haitoki stesheni mpaka stesheni ya mbele ikubali. Je, siku ya hatari, polisi, wazima moto na gari la wagonjwa husikilizana? Katika Westgate, Nairobi, Septemba 2013, polisi na jeshi walikosa simu ya upepo ya pamoja. Afisa wa polisi akauawa kwa risasi za wenzake. Marekani ilitunga sheria mwaka 2012 ya kujenga mtandao mmoja usio na waya kwa waokoaji wote, upitishao sauti na picha. Thika na Ruiru, penye viwanda vingi, twataka vivyo hivyo. Milingoti ikiwa ya pamoja, gharama hupungua. Chama chetu na kilipeleke dai hili kwa Kaunti ya Kiambu. Moto haungoji idara zipatane.