Ngozi Haizoei Nikeli

Mkazi wa Misunkumilo, mjini Mpanda, aliyetoga masikio, akavaa hereni za bei nafuu, kisha ndewe zikavimba, zikawasha na kutoa majimaji, aghalabu huambiwa avumilie, atazoea. Nasi tuliwahi kuamini hivyo. Ushauri huo si sahihi, tena unaumiza.

Chanzo mara nyingi ni nikeli, madini yale yale yaliyomo ardhini kwetu huko Kabanga, wilayani Ngara, nayo huchanganywa katika vito vya bandia, bizimu za mikanda na vifungo vya suruali. Jasho huiyeyusha ikapenya ngozini. Hapo chembe za ulinzi huichukua na kuipeleka kwenye tezi, ambako chembe nyeupe za damu hufundishwa kumtambua mgeni huyo. Mafunzo hayo huendelea kimya kimya, mwenyewe asihisi lolote. Ndiyo maana mtu huweza kuvaa hereni zake miaka mingi, kisha siku moja zikamgeuka.

Yakishakamilika, hayasahauliki. Nikeli ikigusa ngozi tena, upele hutokea baada ya siku moja hadi tatu. Kuchelewa huko ndiko kunakowafanya watu walaumu chakula au jicho la hasidi. Zaidi ya hayo, baadhi ya chembe hizo hubaki zikikesha mahali palipodhurika, mithili ya mgambo waliopiga kambi kijijini, hata mguso mdogo ukaziamsha upesi kuliko awali. Ngozi inayoshambuliwa hivyo mara kwa mara huwa nene, nyeusi na yenye mipasuko. Marhamu hutuliza tu. La msingi ni kuvua chuma hicho.

Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba, ambako watoto wa kike hutogwa wangali wadogo, wasidhani jambo hili ni la bara peke yake.

Denmark iliweka sheria mwaka 1990, na Umoja wa Ulaya mwaka 1994, kwamba kito kinachogusa ngozi kisitoe nikeli zaidi ya mikrogramu 0.5 kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki. Wasichana wa Denmark waliotogwa baada ya sheria hiyo walipata mzio huo kwa uchache kuliko dada zao. Tunawataka wahusika wa viwango, bara na visiwani, wasimamie kipimo kama hicho katika vito vinavyoingia bandarini. Uchunguzi wa awali hauhitaji maabara kubwa: pamba hutiwa matone ya dawa iitwayo dimethilglioksimu pamoja na amonia, ikasuguliwa kwenye hereni, ikigeuka rangi ya waridi, nikeli inatoka. Afisa afya wa kata aweza kuufanya sokoni, mbele ya muuzaji na mnunuzi.