Mpunga wa Pichani Ulikuwa Kijani

Mwaka juzi, likizo ya mwezi wa saba, nilikuwa nyumbani kijijini, safari ya bodaboda tu kutoka Ifakara mjini. Saa mbili usiku simu zikaanza kulia moja baada ya nyingine. Kwenye grupu la kitongoji ilikuwa imeingia picha: ng'ombe katikati ya mpunga, na pembeni mtu amelala chini, shati limelowa damu. Chini ya picha kulikuwa na maneno machache: "Wafugaji wameua mwenzetu. Vijana wote tukutane kwa mwenyekiti." Haikupita nusu saa, vijana kama 30 walikuwa barabarani na mapanga na tochi. Na mimi, msomi wa chuo kikuu, nilichofanya ni kuisambaza ile picha kwenye grupu la ukoo. Naona aibu kuandika hivyo, lakini tusidanganyane, wengi wetu ndivyo tunavyofanya.

Aliyetuokoa ni mama mdogo, ambaye yeye simu yake ni kitochi. Aliomba aione picha kwenye simu yangu, akaisogeza karibu na macho, akauliza, "Huu mpunga wa wapi? Mbona kijani? Sisi si tumeshavuna?"

Watu wakanyamaza. Ni kweli, mbuga yote ilikuwa imebaki mabua makavu. Mwenyekiti akaanza kuwapigia wenzake wa vitongoji vya jirani, kimoja baada ya kingine. Hakuna aliyekufa. Picha ilitoka sijui wapi, ya mwaka sijui gani. Vijana wakarudi nyumbani mmojammoja.

Hiyo ni picha ya uongo, na nusura itumalize. Sasa sikilizeni habari ya picha ya kweli.

Miezi mitatu kabla ya usiku ule, ng'ombe waliingia kwenye shamba la mjomba, wakala karibu ekari mbili za mpunga uliokuwa umeanza kutoa masuke. Kulipokucha mjomba akapiga picha, akaipeleka kwenye ofisi moja inayohusika. Akaulizwa: hilo shamba lina hati gani? Hao ng'ombe ni wa nani? Nani alishuhudia? Nitajuaje picha ni ya juzi? Mjomba hakuwa na jibu hata moja la kuandikwa kwenye karatasi. Akarudi nyumbani. Binamu yangu aliyechaguliwa kidato cha tano aliripoti wiki tatu nyuma ya wenzake, maana hela ya godoro na sare ilikuwa shambani. "Mwanangu," mjomba aliniambia, "picha ninayo, haki sina."

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili tangu wakati huo. Kwenye makongamano yetu hapa chuoni tunapenda kusema teknolojia inaleta demokrasia na kulinda haki za binadamu kwenye maeneo yenye migogoro. Hivi, kule kwetu imelinda haki ya nani? Picha ya uongo iliwatoa watu 30 nyumbani kwa nusu saa. Picha ya kweli ilishindwa kumtoa afisa mmoja kwenye kiti. Maoni yangu ni kwamba simu inakuwa ushahidi pale tu watu walipokubaliana mapema nini kinaandikwa, nani anashuhudia na wapi kinasomwa. Bila hayo, anayefaidi ni mwongo, kwa sababu yeye hahitaji shahidi.

Bonde la Kilombero si uwanja wa vita, lakini mgogoro wake si mdogo. Sisi Wandamba, Wapogoro, Wabena na Wahehe tunalima humo, na wafugaji Wasukuma, Wabarabaig na Wamasai wamehamia na mifugo. Mwaka 2002 bonde likaingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mwaka 2012 serikali ikafanya operesheni kubwa ya kuondoa mifugo, na waliopita njia ile wanakumbuka ng'ombe walivyotaifishwa na watu walivyohama na watoto wao. Na mkoani kwetu Morogoro tunajua mambo yanaweza kufika wapi: Desemba 2000, kijijini Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika shambulio moja lililotokana na ugomvi wa wakulima na wafugaji. Wakati ule grupu za simu hazikuwepo. Fikiria zingekuwepo.

Kuna wanaosema basi dawa ni kuzima. Jamani, tumeshaionja dawa hiyo. Siku ya Uchaguzi Mkuu, 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima, na ikakaa hivyo siku kadhaa. Uvumi haukuzimika. Ulipita kwa kupigiana simu, kwa bodaboda, kwa mdomo. Kilichozimika ni uwezo wa mtu kuuliza na kuhakiki, na uwezo wa mzazi kujua mwanawe aliyeko Dar es Salaam yuko salama. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Haki hiyo inahitajika zaidi siku ya vurugu kuliko siku ya harusi.

Wenzetu wa Kenya walikutana na swali hilohilo baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, vurugu zilipoua watu zaidi ya 1,100. Meseji za chuki zilikuwa zinatembea kwenye simu. Lakini kwenye simu hizohizo, Januari 2008, kikundi kidogo cha Wakenya na marafiki zao, akiwemo mwanasheria Ory Okolloh, kilianzisha jukwaa la Ushahidi: mwananchi anatuma taarifa ya alichokiona, taarifa inawekwa kwenye ramani, na wanaojitolea wanajaribu kuihakiki. SMS nazo hazikuzimwa. Kampuni ya Safaricom iliwatumia wateja wake ujumbe wa kuhimiza amani.

Hata hivyo ramani haikutosha. Kesi zilizofika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ziliisha bila mtu kutiwa hatiani kwa vurugu zile. Mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014, na kesi ya William Ruto ikafungwa Aprili 2016. Ushahidi ukikosa shahidi aliye salama na chombo kinachosikiliza, unabaki kumbukumbu.

Sasa sisi bondeni vyombo tunavyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano mkuu wa kijiji sauti kwenye ardhi yake, na imeweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Teknolojia nayo imeshafika. Wilayani Iringa vijana wa vijijini walifundishwa kupima mipaka ya mashamba kwa programu ya simu iitwayo MAST, na kuanzia 2016 Programu ya Kuwezesha Umilikishaji Ardhi ilipima mashamba na kutoa hatimiliki za kimila wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi. Kinachonivutia mimi katika kazi ya namna hiyo ni majirani. Mtu anazunguka mpaka wa shamba lake, na jirani amesimama palepale anasema ndiyo au hapana. Mgogoro unaongelewa kabla haujatokea. Lakini si kila shamba limepimwa. La mjomba halijapimwa.

Kwa hiyo naomba serikali yetu ya wanafunzi, badala ya kongamano jingine lenye fulana na chakula cha mchana, ifikirie mambo matatu. Hayahitaji hata bumu lote.

Kwanza, sisi tunaotoka bondeni twende likizo tukafundishe namna ya kupiga picha yenye maana: tarehe, mahali, alama ya ng'ombe, jina la shamba, na mashahidi wawili, mmoja wa upande wa pili. Simu inaweza kupokea majira ya mahali kutoka kwenye satelaiti hata pasipo na bando. Ualimu tunaosoma ni wa nini kama hatuwezi kufundisha hilo chini ya mwembe?

Pili, kinachorekodiwa kisomwe kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji, na mambo ya jumla yapelekwe redioni. Mama mdogo na kitochi chake hawamo kwenye grupu, ila ndiye aliyejua mpunga unakuwaje mwezi wa saba. Demokrasia inayomwacha nje mtu kama huyo inajiumiza yenyewe.

Tatu, tulinde watu. Tusirushe sura ya majeruhi wala jina la aliyetoa taarifa. Shahidi akidhurika mara moja, wa pili hatajitokeza.

Najua nitaambiwa wafugaji hawatakubali. Ninayemfahamu mimi ni mzee mmoja wa Kisukuma, jirani wa mjomba. Maksai wake ndio wanaovuta plau kwenye shamba la mjomba kila msimu, na yeye mwenyewe analima mpunga. Usiku ule wa ile picha, njia waliyoshika vijana ilikuwa inaelekea kwake. Asubuhi nilipoenda kumsalimia, "Shikamoo mzee," aliitikia marahaba, akanionyesha alipokuwa amewaficha wajukuu, nyuma ya ghala la mpunga. Yeye pia aliipata picha ile. Naye hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Desemba mjomba anapanda tena. Kabla mbuga haijajaa maji nataka tuwe tumeuzunguka mpaka wake, mzee yule akiwa nasi, na kila mmoja abaki na nakala. Mwenye kijiji chake bondeni na atakayependa kuja, anitafute kabla ya mitihani.