Mbia asiyeandikwa

Edward Saidi Tingatinga hakuwa mchoraji wa siku nzima. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akapitia mashamba ya mkonge ya Tanga, akaingia Dar es Salaam akifanya kazi za nyumbani kwa mzungu, na baadaye akawa mhudumu katika Hospitali ya Muhimbili. Kuchora alianza mwaka 1968, mtu mzima wa miaka 36, kwa vifaa ambavyo fundi yeyote wa mtaani angevipata: vipande vya hadibodi, ile inayopigwa darini, na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Rangi hiyo hung'aa kama sahani ya bati, ila haikauki upesi. Anayeishi chumba kimoja na watoto wadogo anajua maana yake. Ubao mbichi lazima ukae mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki, na katika chumba kimoja mahali pa namna hiyo ni juu ya kabati la vyombo, basi.

Picha zikikauka zilipelekwa Oyster Bay, nje ya Morogoro Stores, ambako wageni na wakubwa wa serikali walikuwa wakinunua mahitaji yao. Mkewe, Agatha Mataka, ndiye aliyekaa nazo akiuza. Historia imeliandika jina la mume kwa herufi kubwa mpaka likageuka kuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji. Jina la mke hupatikana kwenye sentensi moja ya wasifu: alimwoa, wakapata watoto wawili.

Sentensi hiyo moja inaeleza kasoro ya mazungumzo yanayoendelea siku hizi juu ya kujenga biashara ya ubunifu huku mtu akiwa na kazi, familia na hamu ya kujiendeleza. Semina haziishi. Mtoa mada husimama na kipaza sauti, akawaambia vijana waamke saa kumi alfajiri, waandike malengo yao ukutani, na wakiweza waache ajira wafuate kipaji. Watu hupiga makofi, hununua kitabu chake mlangoni, hurudi makwao. Hakuna anayeuliza: huyo anayeamka saa kumi kuchora au kushona, nani anaamka saa kumi na moja kumchemshia mtoto uji wa kwenda shule?

Biashara ya ubunifu inayoanzia nyumbani ni ya ubia tangu siku ya kwanza. Mbia huyo ni kaya, na mtaji anaouweka ni saa, nafasi, sukari na uvumilivu. Asipoandikwa popote, hesabu ya faida inakuwa ya uongo. Msanii anaamini kauza mkoba kwa shilingi 40,000 na malighafi ilikuwa 15,000, kwa hiyo kapata 25,000. Siku mbili ambazo mdogo wake alikaa na mtoto hazimo. Bili ya umeme wa cherehani imelipwa kwa mshahara wa mume, nayo haimo. Biashara nyingi zinazosifiwa kuwa zimeanza bila mtaji zilianza na mtaji wa mtu mwingine aliyenyamaza.

Na tukitaja mshahara, ule ushauri wa kuacha ajira unastahili kutiliwa shaka kubwa. Shaaban Robert, anayeitwa baba wa fasihi ya Kiswahili, aliajiriwa na serikali ya kikoloni mwaka 1926 kama karani wa forodha, na akaendelea kuwa mtumishi katika idara mbalimbali kwa zaidi ya miaka 30. Vitabu vyake vimeandikwa na mtu aliyekuwa akiripoti kazini asubuhi. Mshahara wa karani haukuwa mnono, lakini ulimpa kitu ambacho soko la vitabu vya Kiswahili wakati ule lisingeweza kumpa: uhakika wa mwisho wa mwezi. Wala familia haikuwa kizuizi kwake. Utenzi wa Hati aliutunga kwa ajili ya binti yake, Mwanjaa, ukiwa wosia wa mzazi kwa mwanawe. Mtoto aliyekuwa akimkatiza kalamu ndiye aliyempa la kuandika.

Hilo lisipambwe kupita kiasi, hata hivyo. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na Kufikirika ilichapishwa 1967. Anayegawa siku yake mara mbili hulipa kwa kuchelewa, na pengine malipo huja yeye hayupo. Ajira inalinda jiko lisizimike. Haiharakishi kazi ya sanaa, na mtu aingie kwenye mpango huo akilijua hilo kuliko kukaa ofisini miaka 10 akijilaumu kwamba hana moyo wa kuthubutu.

Kuna jambo ambalo watoa mada hawaligusi kabisa, nalo bibi zetu walilijua bila semina. Kazi za mikono hazilingani katika kukatizwa. Mwanamke wa Pemba au Makunduchi anayesuka ukili anaweza kuuweka chini mtoto akilia, akauokota baada ya nusu saa pale pale alipoachia. Ukili hauharibiki, haupotezi mahali pake. Mkononi ana ukili mmoja unaozidi kurefuka, ameukunja kama mkanda, na siku mikunjo ikitosha ndipo inaunganishwa kwa sindano ikawa mkeka. Ukambani, Kenya, wanawake husuka kiondo wakiwa njiani kwenda sokoni, kamba imetundikwa begani na vidole vinatembea vyenyewe. Hizi ni sanaa zilizobuniwa na watu waliokuwa na mambo mengine 10 ya kufanya, na umbo lake limefuata umbo la siku zao.

Keki ya harusi haiko hivyo. Krimu ikishaanza kupakwa haimsubiri mtu. Kurekodi sauti kunataka ukimya, na nyumba ya kupanga yenye wapangaji sita haina ukimya hata saa nane za usiku. Kuhariri video kunataka saa nne mfululizo, mtu akikatizwa kila dakika 20 anarudi kuanza kutafuta alipokuwa. Kwa hiyo ingefaa mtu anayetaka kuanza aipime kwanza nyumba yake kabla ya kulipima soko: ina saa ngapi zisizokatizwa kwa wiki? Zikiwa mbili, kuna biashara zinazoingia ndani ya saa mbili na kuna ambazo haziingii hata mtu akeshe. Wengi wanaodhani wamekosa nidhamu wamechagua tu kazi ambayo kaya yao haiwezi kuibeba kwa sasa. Mtoto akianza shule, hesabu hubadilika.

Kujiendeleza nako huzungumzwa kana kwamba ni kozi na cheti. Siti binti Saad hakuwa navyo. Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, katika familia ya wafinyanzi, na yeye mwenyewe alifinyanga vyungu akavibeba kichwani hadi mjini, akivinadi kwa sauti iliyowafanya watu wafungue madirisha. Aliolewa, akazaa, akaachika. Alihamia mjini mwaka 1911, akakutana na Ali Muhsin aliyemfundisha muziki, na mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Kati ya 1911 na 1928 ni miaka 17. Ilikuwa miaka ya kujifunza kwa kukaa na watu wanaojua. Kijana anayejihesabia amefeli kwa sababu ukurasa wake haujapata wafuasi ndani ya miezi mitatu angeitafakari hiyo 17.

Turudi kwa yule mbia, kaya.

Sheria zinamjua mwajiriwa, hazimjui yeye wala fundi anayefanya kazi naye nyumbani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na baba siku tatu. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2007, mama ana miezi mitatu na baba wiki mbili. Fundi wa batiki anayejitegemea hana hata siku moja kati ya hizo. Siku ya tatu baada ya kujifungua, simu inaita: mteja anauliza mzigo wake. Siku tatu za baba nazo ni kichekesho, maana hata kitovu cha mtoto kinakuwa hakijadondoka.

Serikali haijakaa bure. Halmashauri za Tanzania zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mpango mzuri kuliko mikopo ya mtaani inayokusanywa kwa vitisho. Lakini fomu huulizia kikundi, katiba ya kikundi, akaunti ya benki na andiko la mradi. Haiulizi mtoto atakaa na nani. Fedha ikitoka, wanawake wanapata mashine, na mashine inakaa kimya kila jioni kwa sababu jioni ni ya kupika. Halmashauri inayojenga soko jipya ikatenga ndani yake chumba kimoja cha watoto na mlezi anayelipwa ingeongeza uzalishaji wa mafundi wake kuliko kwa kuwapa semina nyingine ya ujasiriamali. Si gharama ya kutisha, chumba na mshahara mmoja.

Ila si kila kitu cha kusubiri serikali; familia inaweza kujiandika yenyewe. Mombasa kuna kampuni ya kanga iliyoanza mwaka 1887, ya Kaderdina Hajee Essak, na kila mwanamke wa pwani anaijua kwa maneno madogo yanayochapwa kwenye pindo la nguo: Mali ya Abdulla. Wanawake huyatafuta maneno hayo kabla ya kuuliza bei. Kanga ni biashara ya ubunifu mtupu. Kitambaa ni pamba ile ile, kinachouzwa ni mchoro na jina, na mchoro wa mwezi huu unapitwa mwezi ujao. Biashara ya namna hiyo imevuka vizazi kadhaa mikononi mwa familia moja, na ukoo umechapwa kwenye bidhaa yenyewe.

Tingatinga hakupata muda wa kufika huko. Mwaka 1972 polisi walilipiga risasi gari alilokuwemo wakidhani ni la wahalifu, akafa, miaka minne tu tangu ashike brashi. Ndugu na wanafunzi wake waliendeleza kazi, na ushirika wao ukasajiliwa rasmi mwaka 1990. Mtindo ulisambaa hadi Japani na Ulaya, na mwaka 2010 ukawa katuni za watoto kwenye televisheni, zilizotengenezwa Nairobi. Sheria ya hakimiliki hulinda picha, haimlindi mtu anayesema twiga mwenye madoa mviringo ni wazo la baba yake. Ulinzi wa picha zenyewe, kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 1999, hudumu uhai wa msanii na miaka 50 baada ya kifo. Kwa Tingatinga miaka hiyo ilikwisha pamoja na mwaka 2022.

Karatasi isingezuia risasi. Lakini karatasi moja inayosema nani ni nani katika biashara, aliyechora, aliyeuza, aliyekopesha chumba, humpa mjane pa kuanzia. Wasanii wetu wengi huona aibu kuandikiana na mke, mume, dada au shemeji. Huonekana kama kutoaminiana. Mafundi wa magari wa gereji moja huandikiana bila haya, na vikoba huandika hadi faini ya kuchelewa. Kwa nini aibu ianzie kwenye batiki?

Wiki ya mwisho ya Ramadhani ndiyo wiki ya kumtembelea fundi cherehani. Kanda ya kupimia iko shingoni, daftari la vipimo liko wazi chini ya taa, limeandikwa kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, na pembeni kiasi cha kianzio kwa wale waliokubali kukitoa. Wengine wameandikiwa "akija." Futari inaletwa na dada mtu kwenye bakuli lililofunikwa kawa, na mtoto wa jirani anatumwa kununua uzi mweusi kwa mara ya tatu. Hakuna safu ya dada kwenye daftari, wala ya mtoto wa jirani. Kuiongeza kunataka rula na kalamu tu: jina, saa alizotoa, alichopewa au anachodai. Usiku wa kuamkia sikukuu wateja huja mpaka saa sita, wanajaribu, wanarudisha kupunguzwa kiuno, wanaondoka. Saa kumi alfajiri meza inabaki na vipande vya bitana na gauni moja dogo la bluu, limekatwa, halijaunganishwa mikono, pini zikiwa bado mabegani. Hilo halimo daftarini. Ni la binti yake.